Fundo Moja Hospitali, Mawili Hoteli

Jumatatu, 3 Machi

Wauza sabuni wametugawia shajara za bure, jalada gumu, na utepe mwekundu wa kuwekea alama. Wenzangu wamewapelekea watoto wao wachoree. Mimi nimeamua kuandika. Mtu aliyefua nguo miaka saba ndani ya meli ya abiria, akawafulia watu wa mataifa kumi na tisa, hawezi kuondoka duniani bila kuacha maandishi. Shule niliishia darasa la sita, ndiyo, lakini la sita la zamani, si haya ya siku hizi. Na jambo la kwanza ninaloandika ni hili: uchafu hauna pasipoti. Nimeona shuka la balozi na shuka la mpishi. Ukiyatia kwenye maji moto yanatoa rangi ileile.

Sasa hivi mimi ni msimamizi wa chumba cha kuchambulia katika kiwanda cha kufulia. Tuna wateja watatu: hospitali, hoteli, na bweni la chuo. Mashuka yote meupe, yanafuliwa pamoja, yanakaushwa pamoja, kisha yanamwagwa kwangu kama mlima. Kwenye pindo la kila shuka kuna uzi wa rangi: bluu hospitali, kijani hoteli, nyekundu bweni. Unaangalia uzi, unatupa shuka kwenye toroli lake. Kazi ya macho. Na kwa macho, bila kujisifu, sijaona wa kunishinda.

Mchambuaji wetu aliacha kazi mwezi uliopita. Leo, mvua ya kwanza ikianza kupiga bati, Meneja akaniletea mwingine: mwanamke wa miaka kama thelathini, fimbo nyeupe mkononi. Haoni. Nikamwangalia Meneja, Meneja akaangalia kamera. Alipigwa picha pamoja na mwanamke huyo mara nne, kisha akaniambia, "Majaribio miezi mitatu. Mwisho tarehe 30 Mei. Tutaona."

Tutaona! Kuniletea mimi mtu asiyeona nimpe kazi ya rangi, halafu eti tutaona.

Lakini mimi nina moyo mkubwa, hilo hata maadui zangu wanakubali. Nikaleta kiti chenye mto, nikakiweka dirishani penye hewa.

"Kaa hapa, mwanangu, upumzike."

"Ndiyo kwanza nimefika, Mjomba." Humu wote wananiita Mjomba. "Sijachoka. Kazi yangu ni ipi?"

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Vikaushio viwili vimekufa. Anakunja. Anakunja vizuri kuliko mimi, ila sikumwambia.

Jumatatu, 10 Machi

Leo amenipandisha presha kabla ya chai.

Kanifuata, kashika pindo la shuka, kasema: "Mjomba, mimi nimeajiriwa mchambuaji, si mkunjaji. Rangi siioni, lakini uzi naushika. Mwambie mshonaji atie mafundo kwenye uzi. Fundo moja hospitali, mawili hoteli, matatu bweni. Vidole vyangu vitamaliza kazi."

Nikaona ni wazo zuri. Nikajinyoosha, nikasema kwa upole kabisa, "Usijali, mwanangu. Nitakusaidia."

Basi! Ungedhani nimemtukana mama yake.

"Siombi msaada. Sheria ya kazi inamtaka mwajiri arekebishe mahali pa kazi ili niifanye. Ni haki, kama likizo yako."

"Sasa haki na msaada si vinafika palepale?"

"Mjomba, humu kuna taa ngapi?"

"Kumi na mbili. Tano zimeungua."

"Mimi sihitaji hata moja. Zimewekwa kwa ajili yenu ili mfanye kazi. Kuna siku Meneja amekuja akakupiga picha chini ya taa, akasema anakusaidia?"

Mama Sindano, mshonaji wetu anayetia viraka pembeni pale, akacheka mpaka akajichoma kidole. Mimi nimebishana na makapteni, nimebishana na maofisa wa uhamiaji wenye bunduki, lakini wa kunishinda kwa taa ni huyu wa kwanza. Nimempa jina: Wakili. Akaniuliza Wakili analipwaje humu. Mdomo huo!

Ijumaa, 14 Machi

Nimepanda ofisini kwa Mama Mafaili, yule anayeshika mambo ya wafanyakazi. Nimesema nataka mafundo kwenye nyuzi. Sindano tunayo, uzi tunao, mshonaji yupo.

Akasema, "Kuna fomu."

Fomu ya marekebisho, kurasa nne. Ijazwe kwa mkono wa mwombaji mwenyewe, kwa wino wa bluu. Mwombaji haoni! Iambatane na cheti cha daktari kuthibitisha upofu, kisichozidi miezi mitatu.

"Mama," nikamwambia, "huyu hajaona tangu utotoni. Unadhani upofu umeisha muda wake kama maziwa?"

"Utaratibu, Mjomba."

Nimeshuka ngazi nikiongea peke yangu. Mvua inanyesha ndani ya ukumbi sasa, ndoo tatu.

Jumatano, 19 Machi

Mama Mafaili alikubali nimwandikie, asaini yeye na alete cheti; leo fomu imerudishwa. Eti saini haikukaa ndani ya kisanduku.

Wakili hakushangaa. Katoa mkobani kadi ngumu iliyokatwa kidirisha katikati, akanipa niiweke juu ya kisanduku, akaandika saini yake ndani ya tundu, imenyooka kama ya waziri. "Mtu mwenye haki lazima atembee na vifaa," akasema. Nikamtania kwamba mkobani humo labda ana hakimu pia.

Alhamisi, 27 Machi

Fomu "inashughulikiwa". Meneja kapita mbio na mwavuli wake, akatuambia, "Jamani, fanyeni hayo mafundo, lakini msiniandikie popote." Mama Sindano akaanza palepale. Kila shuka linalopita mikononi mwake linapata mafundo.

Jumatano, 2 Aprili

Sasa anachambua. Nimesimama nikamtazama. Anashika pindo, kidole gumba kinapita mara moja, shuka limeruka. Hospitali, hoteli, hoteli, bweni. Hata haachi kuongea. Anamsimulia Mama Sindano jinsi shemeji yake alivyonunua jogoo asiyewika, huku mikono inakwenda kama mashine.

Lakini mimi ni mtu mzima. Najua majaribio ni majaribio. Kosa moja tu watampa barua ya kuondoka, tena wataifunga kwa utepe. Kwa hiyo nimeamua jambo, naliandika hapa kwa siri. Kila siku saa kumi akishatoka, nabaki nusu saa kukagua matoroli yake. Leo nimeyakuta mashuka saba yamekosewa, uzi wa kijani kwenye toroli la hospitali. Nimeyahamishia hoteli. Mafundo sikuyahangaikia, fundo linaweza kulegea, lakini jicho ni jicho. Hatajua kamwe. Huo ndio moyo mkubwa. Wengine wangetangaza.

Jumanne, 8 Aprili

Tisa leo. Nimerekebisha. Mvua.

Jumanne, 15 Aprili

Asubuhi mama watoto kanisimamisha mlangoni. "Baba watoto, leo umeamua kuvaa soksi za timu mbili?"

Nikamwambia taa ya chumbani ni mbovu. Akasema taa ni mpya, kainunua yeye. Nikamwambia basi yeye ndiye kafua vibaya. Kumwambia hivyo mke wa mtu aliyefulia mataifa kumi na tisa! Amenipa kisogo mpaka sasa.

Kumi na moja leo. Wakili anaanza kuzembea, naona.

Jumanne, 22 Aprili

Siku ya balaa.

Meneja kaingia ukumbini na shuka mkononi, kalishika kwa vidole viwili kama panya aliyekufa. Limetoka hoteli. Mgeni wao kalikuta lina doa la dawa ya vidonda pembeni na limepauka kwa kuchemshwa. Shuka la hospitali kwenye kitanda cha hoteli! Na hospitali nao wamepiga simu: wodi ya wazazi mashuka hayatoshi wiki ya tatu sasa, akina mama na vichanga wamelala juu ya plastiki.

Hakuuliza mtu yeyote chochote. Alitembea moja kwa moja hadi kwa Wakili.

"Unaona sasa?" akamwambia. Huyu mtu na maneno yake!

"Nionyeshe kosa langu," Wakili akasema. "Liko toroli gani, siku gani, nani alihesabu?"

"Nani mwingine anachambua humu?"

Wakili kapewa barua ya onyo palepale. Mwaka jana Mzee Pasi, mpiga pasi wetu, aliunguza mashuka kumi na tisa kwa siku moja akisikiliza mpira kwenye redio, akaambiwa, "Kuwa makini, mzee wangu." Kumi na tisa! Barua hakuiona hata kwa mbali. Nililitaja hilo, Meneja akanijibu, "Hilo ni tofauti." Nikamuuliza tofauti yake nini, akaangalia saa.

Na bado, usiniulize, nimemkasirikia Wakili pia. Namlinda kila siku, mgongo unaniuma, naye ananiangusha hivi? Kuanzia kesho nakagua shuka moja moja.

Jumanne, 29 Aprili

Nimehamisha ishirini na mbili. Hoteli wamelalamika tena. Sielewi. Nakagua zaidi na makosa yanazidi.

Jumatatu, 5 Mei

Kikao kuhusu Wakili kimepangwa tarehe 27. Yeye anachambua, haongei. Jogoo wa shemeji yake sijui aliishia wapi.

Jumanne, 6 Mei

Mvua tu.

Jumanne, 13 Mei

Nimekaa mezani tangu nirudi, chai imepoa, mama watoto kaniangalia mara mbili akaacha kuuliza. Niandike kama ilivyokuwa.

Saa kumi mvua ilikuwa inamwagika kiasi kwamba hakuna aliyeweza kutoka. Mimi nikasahau. Nikadhani Wakili kaondoka, kumbe amesimama nyuma ya rafu akisubiri ipungue. Mama Sindano alikuwa anakunja vitambaa vyake. Nikaanza ukaguzi wangu. Shuka hili, hapana, hili kijani, nikalirusha hoteli. Na hili. Na hili.

"Mjomba, unafanya nini na toroli langu?"

Nilishtuka kama mwizi. Nikasema naweka sawa.

"Kelele ya magurudumu nimeisikia. Toroli la hospitali halikusogea, la hoteli ndilo limesogezwa karibu. Unatoa huku unatia kule. Unafanya nini?"

Nikaona hakuna pa kukimbilia, nikamwaga mtama. Nikamweleza kila kitu kwa sauti yangu nzuri, ya mtu anayetegemea shukrani. Kwamba tangu Aprili narekebisha makosa yake kimyakimya. Kwamba bila mimi angekuwa ameshafukuzwa.

Hakunishukuru. Alinyoosha mkono. "Nipe hayo uliyoyahamisha."

Nikampa la kwanza. Kidole gumba kikapita kwenye pindo. "Fundo moja." La pili. "Fundo moja." La tatu, la nne, la tano. "Moja. Moja. Moja. Haya ni ya hospitali, Mjomba."

"Mafundo yamelegea, mwanangu. Uzi ni wa kijani, naona kwa macho yangu."

"Mama Sindano," akaita, "njoo uangalie rangi."

Mama Sindano akaja, akavaa miwani, akaangalia shuka la kwanza, akaniangalia mimi, akaangalia la pili. Huyu mama tumetaniana miaka minane, hajawahi kukosa la kusema. Leo akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Sema," nikamwambia.

"Ni bluu, Mjomba."

Nikachukua shuka hadi dirishani. Nikaligeuza. Nikafumba jicho moja, nikafumba la pili. Kijani. Kijani kabisa, kijani cha majani. Nikatoa shuka la kweli la hoteli, nikaliweka pembeni yake. Vijani viwili.

Saba, tisa, hadi ishirini na mbili kwa siku. Wiki sita. Wale akina mama kwenye plastiki.

"Ulianza tarehe ngapi?" Wakili akauliza. Sauti ilikuwa ya chini, afadhali angepiga kelele.

"Mbili Aprili."

"Una hakika?"

"Nimeandika." Nikajiuma ulimi, lakini neno limeshatoka. "Nina shajara."

Akaliweka chini shuka alilolishika. Kisha akanitolea uvivu, na naandika neno kwa neno kwa sababu nilistahili: "Ungeniuliza. Siku ya kwanza tu, ungesema, 'Naona saba yamekosewa,' ningeyashika, ningekwambia hapana, tungeita mtu wa tatu. Dakika moja. Lakini wewe ulishaamua, kati ya vidole vyangu na macho yako, kipi kinakosea. Barua ya onyo iko kwenye faili langu, Mjomba. Si lako."

"Nilikuwa nakusaidia."

"Ndiyo. Na mimi nilisema mapema sitaki."

Akatoka kwenye mvua ileile.

Jumanne, 20 Mei

Daktari wa macho kasema mtoto wa jicho, macho yote mawili. Ukungu unaota ndani ya jicho, unakuwa wa manjano, bluu inapotea ya kwanza, ikianza na iliyopauka. Nikamwambia mimi nimeona taa za bandari umbali wa maili kumi. Kasema hiyo ilikuwa zamani. Upasuaji upo, foleni ni miezi mitano.

Nimemweleza mama watoto yote. Nikamwambia pia ninachokiogopa: msimamizi wa kazi ya macho asiye na macho, watamweka wapi? Nina miaka hamsini na nane. Nikikaa kimya mpaka nifanyiwe upasuaji, nani atajua? Mama Sindano hasemi. Wakili akisema, ni neno lake dhidi ya langu.

Mama watoto alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso.

"Ukinyamaza, mtoto wa watu anafukuzwa kwa macho yako wewe. Halafu utakuja hapa kunisimulia una moyo mkubwa. Mimi nitausikilizaje?"

Miaka thelathini na moja tuko pamoja, hajawahi kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa hata siku moja. Inachosha.

Jumatatu, 26 Mei

Mvua imepungua. Sijala vizuri. Shajara nimeitia kwenye mfuko wa plastiki.

Jumanne, 27 Mei

Kikao. Meneja, Mama Mafaili, Wakili, mimi kama msimamizi.

Meneja akaanza kwa huruma. Ile huruma ya mtu aliyekwisha andika barua. Kasema kampuni ilijitolea sana, kasema "sisi tunawapenda watu hawa," kasema huenda kazi nyepesi ingemfaa zaidi, hata ile ya kukaa mapokezi. Nikakumbuka kiti changu chenye mto. Nikaona aibu mpaka miguuni.

Wakili akasema: "Sijaja kupendwa. Nimeajiriwa kuchambua. Kama nimekosa, nionyesheni kosa, mniandikie kama mnavyomwandikia mwingine yeyote. Kama sikukosa, toeni onyo kwenye faili langu, mnipe mkataba. Na fomu yangu ya mafundo ijibiwe, kwa sababu leo mafundo yapo kwa hisani ya mtu aliyesema tusiyaandike popote."

Meneja akapaliwa na maji.

Hakunitaja. Alijua kila kitu na hakunitaja. Aliinamisha kichwa tu upande wangu, akasubiri. Nikaelewa kwamba nafasi hii ananiachia mimi, na kwamba haitakaa muda mrefu.

Nikafungua shajara. Nikaisogeza mbali, nikaisogeza karibu. Nikasoma. Tarehe 2 Aprili, yote. "Huo ndio moyo mkubwa. Wengine wangetangaza." Nilitamani sakafu ipasuke. Tarehe 8, tisa. Tarehe 15, kumi na moja, pamoja na soksi, maana Mama Mafaili kasema nisiruke kitu, ni ushahidi. Tarehe 29, ishirini na mbili. Kisha nikaweka cheti cha daktari mezani.

"Makosa ni yangu," nikasema. "Yote. Matoroli yake yalikuwa sawa tangu siku ya kwanza."

Meneja alikichukua cheti, akakisoma, kisha nikaona uso wake unapata nafuu, kama mtu aliyekosa basi moja akaona jingine linakuja. "Basi, Mjomba, itabidi wewe ndiye tukupumzishe. Huwezi kusimamia kazi ya rangi."

Nilikuwa nimeshaanza kusimama. Wakili hakusimama.

"Kwa nini apumzishwe? Mafundo yapo. Ana vidole kumi. Kuna taa tano zimeungua mwaka mzima, hajawahi kubadilishiwa. Kwa alichofanya, kukagua nyuma ya mgongo wangu, mpeni onyo, tena kali, mimi nitaunga mkono. Lakini macho yake si kosa. Mpeni fomu."

Mama Mafaili, jamani, kumbe alikuwa nayo kwenye faili. Akaisukuma mezani kwangu. Kurasa nne.

Koridoni nilimfuata Wakili. Nikamwambia sijui nimshukuruje.

"Usinishukuru. Bado nimekukasirikia, na nitaendelea labda mpaka mwaka mpya. Ningemsemea hivyohivyo hata Meneja angekuwa ndiye haoni."

"Yeye haoni tangu zamani."

Hakucheka. Lakini fimbo yake ilisita kidogo sakafuni.

Ijumaa, 30 Mei

Mvua imekatika. Jua limeingia mpaka kwenye ndoo.

Wakili amesaini mkataba wa kudumu, mchambuaji, saini ndani ya tundu la kadi yake. Onyo limetolewa kwenye faili lake. Langu limeingia, kurasa mbili, na ninalistahili. Fomu ya mafundo imejibiwa hatimaye: "Imekubaliwa kwa majaribio." Mafundo yenyewe sasa yana majaribio! Meneja alitaka picha, Wakili akamwambia apige picha taa mpya zikifungwa. Zimefungwa mbili. Bado tatu.

Nachambua naye asubuhi, nimefumba macho ili nisijidanganye. Kidole gumba changu ni kigumu, kilizoea kamba za marobota ya nguo melini, namaliza toroli moja yeye akimaliza matatu. Nikikwama namuuliza. Ananijibu neno moja tu, "Mawili," au "Moja," na anaendelea.

Fomu yangu niliijaza jana, nikaazima kadi yake, saini ikakaa katikati ya kisanduku, nikaipeleka juu nikipiga mluzi. Leo saa nane Mama Mafaili kairudisha mwenyewe mpaka ukumbini.

"Mjomba, sharti ni wino wa bluu. Hii umejaza kwa mweusi."

"Hiyo ni bluu!" nikasema. "Kalamu nimeichagua mwenyewe, naiona kwa..."

Nikaichukua fomu, nikaisogeza kwenye mwanga. Mama Sindano akaweka sindano chini, safari hii mapema, asijichome tena.

Wa kwanza kucheka alikuwa Wakili. Alianza na kikohozi, kisha mabega, kisha akatafuta kwa mkono mahali pa kushika, akakipata kile kiti chenye mto pale dirishani, ambacho kwa miezi mitatu hakukigusa, akakaa.

"Lete fomu nyingine," akasema akifuta machozi. "Na kalamu achague Mama Sindano."